Ngozi Isiyo na Kovu

Juzi nilikuwa nimesimama nikisubiri kununua maziwa pale Babati, ninakoishi sasa, na mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akafungua kizibo cha kibuyu chake. Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Ni ile harufu ya maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kaa la moto, moshi uliochanganyika na uchachu na kitu kingine ambacho wanangu, waliokulia maziwa ya pakiti, wanakiita uvundo. Nikanunua, nikanywa nusu kikombe palepale, na nikajikuta natazama pembeni kama mtu anayehofia kuonwa. Nilitembea njia yote ya kurudi nyumbani nikijiuliza kwa nini nilitazama pembeni. Ndipo nikakumbuka kwamba mara ya kwanza nilipokunywa maziwa ya namna ile niliyanywa kwa mashaka, kwa sababu yalikuwa yametoka kwa ng'ombe ambaye tulishaambiwa kuwa amekufa.

Tulikuwa tunakaa Nambis, juu kule kwenye baridi, ambako asubuhi ya mwezi wa sita moshi wa majiko hautaki hata kupanda, unalala tu juu ya mahindi. Miaka ile tulikuwa bado watu wa mkoa wa Arusha, na Manyara kwetu lilikuwa jina la ziwa tu. Duka la ushirika, ambako wazazi wetu walikuwa wakipanga foleni ya sukari, lilikuwa limebaki na popo. Watu binafsi walikuwa wameanza kuleta malori yao, mitumba ilikuwa inamwagwa chini mnadani kama mahindi, na kila mtu alisema sasa ukitaka kitu utakipata mradi uwe na cha kutoa. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mkulima mwenye maksai wawili wa plau. Mama hakuwa na cheo chochote kanisani, lakini nadhani ndiye aliyekuwa mhubiri wa nyumba yetu.

Mama alikuwa anaokota mafundisho ya Mungu jikoni kama wengine wanavyookota kuni. Kuku akifunika vifaranga kwa mbawa, Mama alisimama na ufagio wake akatueleza jinsi Mungu anavyotufunika. Akichambua maharage, alituonyesha punje moja iliyooza na jinsi ilivyoharibu za jirani yake. Mimi niliyaogopa mafundisho hayo. Nilikuwa nimegundua kwamba kila fundisho la Mama lilikuwa na mkia, na mwisho wa mkia mtu fulani alinyang'anywa kitu. Nilikuwa na sweta la mitumba, jekundu, lenye vifungo vya mbao, la kwanza kuwa langu mwenyewe bila kurithi. Siku moja Mama akiwa anaanua nguo alianza kuzungumza kwa upole juu ya mtu mwenye nguo mbili. Kesho yake sweta langu lilipita mbele ya macho yangu likiwa mgongoni kwa binti wa jirani. Tangu hapo, Mama akisema, "Unajua mwanangu, hii inanikumbusha neno," mimi nilitazama kwanza nina nini mkononi.

Sasa, Mama alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, aliyepewa na baba yake alipoolewa. Tulimwita Yaeda, kwa sababu mama wa ng'ombe huyo alitoka Yaeda Chini. Alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe tumboni, na kwenye bega la kushoto alikuwa na kovu refu lisilo na manyoya. Alipokuwa mgonjwa Babu alimchoma pale kwa chuma cha moto, na mimi nilishuhudia nikiwa nimejificha nyuma ya sketi ya Mama. Kwetu malisho yalikuwa haba, kila kipande kimelimwa. Kwa hiyo, kama watu wengi wa juu walivyofanya, Mama alimpeleka Yaeda akatunzwe kule chini, Hirbadaw, kwa Mbarbaig mmoja, mfugaji aliyeitwa Gidahoda. Baba yake Gidahoda na baba yake Mama walikuwa marafiki tangu zamani, wakipeana nafaka na ng'ombe. Utaratibu ulikuwa unajulikana na kila mtu: anayetunza anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake, na ng'ombe akifa, anayetunza analeta ngozi ili mwenye mali aone kwa macho yake.

Mwaka ule mvua ilikuwa mbaya, na Baba mdogo, mdogo wake Baba, alikuwa anataka kuoa. Kwa wakwe zake palikuwa pamebaki ng'ombe mmoja wa kukamilisha mahari. Baba akamwahidi Yaeda. Mama alikubali, ingawa si mara moja. Ujumbe ukatumwa Hirbadaw kwamba tutakuja kumchukua ng'ombe wetu mavuno yakiisha.

Kabla mavuno hayajaisha, Gidahoda akaja mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu mkavu, amejifunga shuka la rangi ya udongo, na alikuwa amebeba ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Aliiweka chini uani kwetu, akakaa mbali nayo kidogo. Mama aliniambia nimsalimie kwa shikamoo na nimwite mjomba, kwa sababu wazee wao walikuwa kama ndugu. Nilimsalimia lakini lile neno mjomba lilinikwama. Akaeleza kwamba Yaeda amekufa kwa ukame. Aliongea akitazama miguu yake, na maji aliyopewa hakuyagusa.

Ngozi ikafunguliwa. Ilikuwa nyekundu, na ilikuwa na weupe tumboni. Baba aliitazama akatikisa kichwa kwa huzuni, kwa sababu Baba hakuwahi kumchunga yule ng'ombe. Mimi nilikuwa nimemchunga. Nikachuchumaa upande wa bega la kushoto, nikatafuta. Manyoya yalikuwa yamejaa pale, laini, yamelala upande mmoja bila pengo. Mama naye alikuja akapiga magoti, akapitisha kiganja chake palepale begani, polepole, mara moja, kama mtu anayempapasa mgonjwa. Kisha akaikunja ngozi na kusema, "Pole, kaka. Umetembea mbali." Akampa uji, akamfungia na mahindi ya njiani.

Nilidhani Mama alikuwa anaaga ng'ombe wake. Nikajisemea moyoni kwamba huu ndio ubaya wa kuwa mwema sana, mtu anakuwa kipofu. Gidahoda alipoondoka nilimwambia Mama kwamba ngozi ile haina kovu. Akaniambia nikalete maji. Nikamwambia Baba mdogo.

Baba mdogo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alisema watu wa kule chini ndivyo walivyo, wanakupa ngozi ya ndama wa mtu mwingine na wanakula nyama yako wakicheka. Alitaka twende ofisini kwa mtendaji. Baba akasita, akasema ni maneno ya mtoto na ngozi hubadilika ikikauka. Mama ndiye aliyemaliza mabishano. Alisema yeye atakwenda Hirbadaw kumpa pole Gidahoda kwa ukame uliomuulia mifugo, na atanichukua mimi nimsaidie kubeba unga. Baba mdogo alinivuta kando nyuma ya zizi akaniambia niangalie vizuri kule, nichungulie kila zizi, na nikirudi nimweleze. Kwa hiyo nilikwenda Hirbadaw nikiwa na ndoo ya unga kichwani na kazi ya siri kifuani, na nilijiona mtu mkubwa kuliko Mama.

Tulipanda lori la wafanyabiashara waliokuwa wanakwenda mnadani upande wa Hanang. Tukateremka kutoka kwenye ubaridi wetu mpaka nikavua kitenge cha mabegani. Mlima Hanang ulikuwa mbele yetu muda wote, na sikuuamini hata huo mlima, kwa sababu tulivyozidi kwenda ulikuwa haukaribii. Tuliposhushwa tulitembea kwenye vumbi kati ya vichaka vya miiba. Mama aliimba tenzi kwa sauti ya chini. Nilijiuliza kama anaimba kwa furaha au kwa woga, na sikuweza kujua.

Boma la Gidahoda lilikuwa limezungushiwa miiba mikavu. Bibi mmoja, mama yake Gidahoda, aliyevaa sketi ya ngozi na bangili za shaba zilizojaa mkononi, alitupokea na kutukalisha kivulini. Walizungumza na Mama kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwa sababu bibi yule alikuwa anakijua kidogo. Aliniletea maziwa kwenye kibuyu. Niliyanusa. Nilimtazama Mama, naye akanipa ishara ya macho kwamba ninywe. Nilikunywa huku nikichungulia juu ya ukingo wa kibuyu kuelekea zizini, kama nilivyotumwa.

Ng'ombe walikuwa wachache, wamekonda mpaka unaweza kuona mahali mbavu zinapoanzia. Katikati yao alikuwa amesimama Yaeda. Alikuwa ametugeuzia upande wa kushoto, na lile kovu lilikuwa wazi kama njia kwenye majani. Nilivuta kanga ya Mama. Nikamnong'oneza kwamba Yaeda yule pale, yu hai. Mama hakugeuza hata shingo.

"Nimemwona," alisema. "Maliza maziwa yako."

Hapo Gidahoda akaingia. Alipotuona alisimama mlangoni mwa boma, fimbo mkononi, na hakuja mbele wala hakurudi nyuma. Nyuma yake walikuwa vijana wawili wenye mikuki, kama kawaida ya wachungaji wa kule, lakini mimi niliihesabu mikuki ile kuwa imekusudiwa sisi. Nilikuwa nasubiri Mama aseme neno moja ambalo lingetuua. Kisha ndani ya nyumba kukasikika kilio chembamba, na bibi akainuka, akarudi amebeba kitoto kichanga kilichofungwa kwenye kipande cha shuka. Akachovya kidole kwenye yale maziwa niliyobakiza, akakipa kinyonye.

Mama aliuliza mama wa mtoto yuko wapi. Bibi akaonyesha kwa kidevu nje ya boma, kwenye rundo la mawe. Alikuwa amefariki wakati wa kujifungua, na kwetu juu hakuna aliyekuwa amepata habari.

Mama alimchukua yule mtoto. Alimweka mapajani, akamtazama muda mrefu, akamfuta maziwa kidevuni. Gidahoda akasogea, akachuchumaa mbele yake, mtu mzima yule. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Dada, ngozi ile ni ya ng'ombe wangu."

"Najua," Mama akasema.

"Hawa wengine wote hawana maziwa. Ni huyu wako peke yake. Nikasikia mnakuja kumchukua."

"Najua. Nimeona."

Mama akamwambia kwamba ng'ombe yule baba yake mwenyewe alimpa yeye, hakumpa mtu mwingine, na yeye sasa anampa mtoto huyu. Akaongeza kwamba amekuja kutoa pole ya msiba, si ya ng'ombe. Gidahoda hakushukuru. Alibaki amechuchumaa, akachora kitu ardhini kwa kidole, akakifuta. Kisha akaenda zizini akasimama karibu na Yaeda akiwa ametupa mgongo. Mimi nilifikiri ana hila. Leo nadhani alikuwa analia.

Tulilala kwao, kesho yake tukarudi. Njiani niliongea sana, kwa sababu nilikuwa na hasira na hasira ilikuwa inanipa maneno. Nilimuuliza Mama tangu lini alijua. Akasema tangu alipopitisha mkono begani kwenye ile ngozi. Nilisimama katikati ya vumbi. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema palepale uani, mbele ya Baba.

Mama alitua ndoo tupu akanitazama. "Angeweza kutuma mtu aseme tu amekufa," alisema. "Mtu anayetembea mwendo ule wote amebeba uongo mgongoni ana shida kubwa. Nilitaka kuiona hiyo shida."

Nikamuuliza swali lililokuwa linanichoma zaidi, kwamba je, alimtoa Yaeda kwa sababu ya ile mikuki? Nilitarajia atanikemea. Alifikiri kwanza. Akasema ndiyo, aliogopa, na ndiyo maana akamchukua mtoto, mikono yake ipate kitu cha kushika. Alitoa huku anaogopa, na hajui kama Mungu anahesabu kitu kilichotolewa hivyo. Sikuwahi kumsikia Mama akisema hajui jambo la Mungu. Jibu hilo lilinitia wasiwasi kuliko mikuki.

Tulipofika nyumbani Baba mdogo alikuwa anatusubiri uani pamoja na Baba. Aliuliza kabla hatujatua mizigo. Alinitazama mimi, nami nikamtazama Mama. Mama akasema, "Yaeda hayuko kwetu tena, shemeji. Tumempoteza." Kisha akaingia jikoni.

Nilishangaa. Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Mama yangu, aliyenichapa kwa kusema nimefagia kabla sijafagia, alikuwa amefanya jambo ambalo sikulijulia jina. Nikaanza kumwangalia. Nilimwangalia akipika, nilimwangalia akiomba, nikitafuta mahali uongo ulipojificha. Alipofumba macho kuombea chakula, mimi nilifumbua yangu. Niliona kwamba hali chakula vizuri, na kwamba Baba akimsemesha anajibu akitazama sufuria. Siku zile hakutoa fundisho lolote, hata maharage aliyachambua kimya.

Baba mdogo hakutulia. Wakwe zake walikuwa wamempa muda, na kila aliposikia neno mahari alisikia jina la Gidahoda. Alisema tumeibiwa na tunachekwa. Akakusanya vijana wenzake. Jumapili moja, baada ya ibada, watu wakiwa bado wanasalimiana nje ya kanisa, alimwendea Baba akamweleza waziwazi kwamba siku ya mnada watateremka Hirbadaw na fimbo, na watarudi na ng'ombe, awe wa Gidahoda au wa jirani yake. Baba alikunja uso. Akamwambia asimpige mtu. Hakumwambia asiende.

Mama alikuwa amesimama na akina mama wengine. Akawaacha, akaja mpaka mbele ya wanaume wale, jambo ambalo si la kawaida kwetu. Niliona anashika ncha za kanga yake.

"Msiende," alisema. "Ng'ombe yuko hai. Mimi ndiye nimempa."

Aliwaeleza yote palepale, kuhusu ile ngozi na kichanga na rundo la mawe. Hakujitetea. Vijana walitazamana. Baba mdogo alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ameombewa mke na watu wote hawa, na kumbe mahari yake inanyonywa na mtoto wa Mbarbaig. Akaondoka. Lakini mimi nilikuwa namtazama Baba. Mzee wa kanisa alikuwa anasikia habari za nyumba yake mwenyewe akiwa amesimama kati ya watu, pamoja na mwinjilisti na watoto wa Shule ya Jumapili. Alivaa kofia yake na kutangulia kwenda nyumbani bila kutusubiri.

Baba hakugomba. Ingekuwa afadhali. Aliacha tu kuongoza sala ya jioni. Tulikaa kumzunguka kama kawaida, yeye akainuka akaenda kuangalia maksai, nasi tukabaki tunatazamana mpaka Mama akatuambia tukalale. Siku moja asubuhi nilimwona anachukua kamba ya kufungia ng'ombe, anaizungusha begani. Akamwambia Mama kwamba anakwenda Hirbadaw. Mama alimfungia chakula, na nikaona anakifunga vibaya, anafungua, anafunga tena.

Mimi nilijua maana ya kamba. Nilikuwa nimechoka na wema wa siri, na sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi kwamba sasa mambo yatanyooka. Yaeda atarudi na Baba mdogo ataoa, na zile sala zitaanza tena. Halafu nilikumbuka kile kidole kilichochovywa kwenye maziwa, nikatamani Baba apotee njia.

Alirudi mchana mmoja tukiwa tunapukuchua mahindi uani. Nilimwona kutoka mbali, akipanda kilima peke yake. Kamba ilikuwa begani vilevile ilivyoondoka. Alifika, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akavua viatu. Mama alimletea maji. Alikunywa yote, kisha akaanza kueleza akiwa ameinamia miguu yake yenye vumbi. Alisema alifika na kamba mkononi, na yule bibi akamuuliza kamba ni ya nini. Akamjibu ni ya kufungia mzigo. Alisema hivyo, mzee wa kanisa, na hakucheka.

"Nimemwona mtoto," alisema. "Ana mashavu sasa."

Mama alikaa chini mbele yake, kwenye maganda ya mahindi.

"Ungeniambia," Baba akasema.

"Ningekuambia, ungekataa."

"Ningekataa," alikubali. "Ningekataa, halafu ningekwenda kuona, kama nilivyokwenda." Akakung'uta vumbi kwenye kiatu kimoja. "Yule Mbarbaig alikuletea ngozi ya uongo, ukamwamini kwamba ana sababu. Mimi sikukuletea chochote. Mimi ndiye uliyenishuku."

Mama alifungua mdomo. Nilimfahamu, nilijua namna uso wake unavyokaa anapotafuta neno la kufundishia. Halikuja. Machozi yalimtoka tu, na hakuyafuta. Nilikuwa nimempeleleza wiki zote zile nikitafuta kosa lake kwenye uongo aliomwambia Baba mdogo, kumbe lilikuwa mahali ambapo nisingefikiri kutazama. Mtu aliyeweza kuona shida ndani ya mwizi alikuwa ameishi na mume wake kama mtu anayeishi na mlango uliofungwa, bila kujaribu hata mara moja kuusukuma. Na mimi, niliyekuwa nimejifunza kwake kusali, nilikuwa nimejifunza kutoka nisikojua kumtazama kila mtu kwa jicho la pembeni. Nilikuwa mtoto, sikuyapanga mawazo haya hivi. Nilichojua siku ile ni kwamba Baba ameumizwa, na aliyemuumiza ni mtu mwema kuliko wote ninaowajua.

Wiki hiyohiyo Baba alimfungua mmoja wa maksai wake wawili akampeleka kwa wakwe wa Baba mdogo. Mahari ikakamilika. Aliyebaki asingeweza kuvuta plau peke yake, kwa hiyo msimu uliofuata tulilima kwa jembe la mkono, familia nzima, tangu mvua za kwanza. Viganja vyangu vilipasuka. Sala ya jioni ilirudi, fupi kuliko zamani, na sasa Baba akimaliza alimuuliza Mama kama ana la kuongeza, na Mama mara nyingi alikuwa nalo.

Lakini Baba mdogo hakuwa anamsalimia Mama. Alikuwa akipita kwetu anamsalimia Baba, anatusalimia sisi, na macho yake yanaruka pale Mama alipo kama yanavyoruka shimo. Asubuhi moja, wakati wa palizi ya kwanza, Mama alitoka akiwa hana kitu mkononi. Nilimfuata kwa mbali, kwa ile tabia yangu. Alikwenda mpaka kwenye kipande cha Baba mdogo, akasimama mwisho wa shamba. Alizungumza. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwao, sikusikia hata neno moja. Nilimwona tu ameinamisha kichwa, na nikamwona Baba mdogo anaendelea kupalilia kana kwamba hakuna mtu. Mama alimaliza kusema, akabaki amesimama. Kisha akaliona jembe la pili lililokuwa limelala chini, la yule mchumba aliyekuwa anatarajiwa, akaliokota, akaanza mstari unaofuata.

Walipalilia hivyo mpaka jua likapanda juu, kila mmoja kwenye mstari wake, bila kutazamana. Nilikuwa nimechoka kujificha, nikaja nikakaa mwisho wa tuta. Walipofika karibu yangu Baba mdogo alisimama akajifuta jasho kwa mkono. Alitazama mstari wa Mama, akautazama wa kwake.

"Shemeji," alisema, "pale nyuma umeacha magugu."

Mama alirudi nyuma akayang'oa.